Funza Akija ni Mgeni Wangu

Lori lilikuwa limeshaacha Bariadi nyuma, na mimi nimelala kifudifudi juu ya marobota ya pamba kama robota mojawapo. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa nane, mwaka 2004. Dereva tulishaelewana: ukitaka kushuka, gonga kebini mara mbili, nasimama. Kijiji cha kina Mayige kiko kando ya barabara hiyohiyo ya kwenda Lamadi, na kila nilipopita nilikuwa nagonga.

Watu walikuwa wameshaanza kukaa mkutanoni. Niliwaona kutoka juu, wanaume wamekaa chini kwenye uwanja wa mpira, fimbo zimelazwa mbele ya miguu yao, wanawake upande wao. Mayige alikuwa peke yake, hatua kama thelathini kutoka kwa wenzake, kwenye kigoda, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu ya nyonga. Alikuwa hautazami mkutano. Alikuwa anatazama barabara. Alipoliona lori akashika fimbo, akajiinua. Nilikuwa nimemwambia nitakuja na lori.

Mkono wangu ulikuwa juu ya kebini kabisa. Sikugonga. Nikaingiza kichwa katikati ya marobota mawili, nikabaki hivyo mpaka nikasikia gia inabadilika na gari linapanda kile kilima cha mbele.

Sasa nieleze ilikuwaje, na nijitahidi kunyoosha, maana miguu yangu na maneno yangu yote yamezoea kuzunguka.

Miaka miwili kabla ya hapo alikuja Bariadi kijana mmoja anaitwa Constantine, mtoto wa mwalimu wa Maswa, kamaliza chuo kikuu. Alikuwa anatafuta mtu anayevijua vijiji vya pamba. Watu wakamwambia, mtafute Kasmiri, huyo hajawahi kukaa mahali akamaliza mfuko wa chumvi. Nilikuwa nimeshafanya kazi kwenye kinu cha kuchambulia pamba Maswa, nimevua dagaa Mwamanyili, nimechimba mashimo ya watu. Shule yangu ni ya kuokoteza: la kwanza na la pili Sola kwa mapadri, la tatu Maswa, yaliyobaki ngumbaru. Lakini mwandiko wangu unasomeka.

Constantine alikuwa na gazeti linaitwa Mizani Huria. Liliandikwa Mwanza, kwenye chumba kimoja juu ya duka la vitenge, kompyuta tatu. Karatasi halikuwa nalo. Lilikuwa kwenye mtandao tu.

"Gazeti lisilo na karatasi watu watafungia nini maandazi?" nilimuuliza.

"Ndiyo maana halitafungia maandazi, Mzee Kasmiri," akasema. "Litasomwa."

Aliniita mzee nami nilikuwa na miaka hamsini. Sikuchukia.

Mambo ya gazeti lile yalikuwa mepesi kuyaelewa. Mtu ni wa kwake mwenyewe. Alichokilima ni chake, amuuzie anayemtaka. Serikali ikae kando, ushirika ukae kando, kijiji nacho kikae kando. Watasema Constantine alinidanganya. Hakunidanganya. Mwaka sabini na nne walikuja na lori nyumbani kwetu Sola, wakaezua paa, wakatupeleka kwenye kijiji kipya, na mama akaiacha mihogo ardhini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, nimesimama tu. Kwa hiyo Constantine aliposema hakuna mwenye haki ya kumhamisha mtu kwenye chake, nilihisi kama mtu amenikuna mahali nisipofikia. Mpaka leo sijasema mawazo yale yalikuwa mabaya. Ubaya niliuleta mimi.

Nilikuwa naandika kwenye madaftari, napeleka kwa madereva wa malori, Mwanza wanachapa na kupandisha. Gazeti likakua. Tuliandika juu ya ushirika, wazee wa ushirika wakasema tumenunuliwa na makampuni ya pamba. Tuliandika kwamba hakuna sababu ya mkulima kulazimishwa kutenga pamba safi na pamba fifi, na kwamba anayetia mchanga kwenye gunia soko lenyewe litamfundisha. Afisa kilimo mmoja akatujibu kwa hasira kurasa mbili. Padri mmoja akatutaja kwenye mahubiri, akasema tunafundisha watu kutojua majirani. Wanafunzi wa Dar es Salaam wakagombana wiki nzima kwenye ukurasa wa barua, nusu wanatusifu, nusu wanatutukana. Constantine alifurahi sana kwa matusi yale. Kampuni moja ya wanunuzi ikaweka tangazo, tena kubwa, na kuhusu hilo sikuuliza.

"Sasa nipe mtu," aliniambia siku moja. "Hoja ninazo, lakini hoja haina uso. Nipe mkulima mmoja aliyesema hapana."

Nikazunguka kumtafuta. Shida ni kwamba wakulima wetu hawasemi hapana. Wanasema ndiyo, halafu hawafanyi.

Ndipo nikafika kwa Mayige. Tulijuana kinuni Maswa, na nyonga yake iliharibika hukohuko, robota lilimwangukia. Ilikuwa mwezi wa kumi. Kwetu pamba ikishavunwa, miti yake lazima ing'olewe na kuchomwa kabla ya katikati ya mwezi wa tisa, shamba likae tupu, ili funza asipate pa kulala akisubiri pamba mpya. Sheria hiyo ni ya tangu wakoloni, na sungusungu, walinzi wa kijiji, ndio wanaoikagua. Mashamba yote yalikuwa meusi kwa majivu. La Mayige lilikuwa limesimama vilevile, miti imekauka, vitumba vilivyosahaulika vinaning'inia.

"Mwadila, shemeji," akasema Minza, mke wake. "Umekuja na njaa yako tena?"

"Njaa nimeiacha Bariadi. Nimekuja na mdomo tu."

"Basi huo ndio mkubwa."

Mama yake Mayige, Mayu Kwandu, alikuwa ukumbini kwenye ngozi yake ya ng'ombe, akaniletea michembe ya viazi kwenye kawa kama anavyofanya siku zote. Mayige akaketi akilipa shamba mgongo.

"Usiangalie huko," akasema. "Naona aibu, ngosha. Niking'oa mti mmoja nalala siku mbili. Nimemtumia Bundala wa sungusungu salamu anivumilie. Mwezi ujao nitaita vijana wanisaidie, niwachinjie mbuzi."

"Kwa nini usiwaite sasa?"

"Kuomba nako kunataka miguu."

Hayo ndiyo aliyosema. Hakusema zaidi ya hayo. Kabla ya kuondoka nikatoa kamera ya Constantine, nikamsimamisha ukingoni mwa shamba. Akauliza picha ya nini, nikamwambia ya kumbukumbu. Nikamwambia acheke kidogo. Akacheka.

Usiku ule kwenye nyumba ya wageni niliandika kwamba nimemkuta mkulima ambaye serikali ilimwamuru ang'oe, kijiji kikamwamuru ang'oe, naye akajibu: "Shamba ni langu, miti ni yangu, na funza akija ni mgeni wangu." Maneno yalikuja kirahisi sana. Nilijipongeza.

Constantine alinipigia simu kwenye kibanda cha simu pale stendi. "Mzee, huyu mtu yupo kweli?"

"Yupo. Si una picha yake?"

"Na alisema hivi?"

"Alisema," nikajibu.

Habari ile ndiyo iliyolipandisha gazeti. Ilisomwa nchi za nje. Vijana wa chuo waliandika maneno yale kwenye fulana. Na kwa mara ya kwanza jina langu liliwekwa juu, Kasmiri, mwandishi wetu, Bariadi. Nilipewa nakala ya karatasi, nikaitazama mara nyingi. Karani wa wanunuzi wa pamba alikuwa ameichapa habari nzima, picha na yote, na nakala nyingine akaibandika ukutani kwenye kituo cha kununulia pamba kijijini kwa Mayige. Wenye kusoma wakawasomea wasiojua.

Bundala alikuwa mtemi wa sungusungu. Alikwenda kwa Mayige na wenzake wawili, wakamuuliza. Mayige akasema hajawahi kusema hayo.

"Picha ni yako?" Bundala akauliza.

"Ni yangu."

"Unacheka?"

"Nilikuwa nacheka."

"Na nyuma yako ni pamba yako hiyo ambayo haijang'olewa?"

Angekuwa mtu mwenye nyonga mbovu tu, wangemtoza mbuzi na kumng'olea miti yake asubuhi moja, mambo kwisha. Ndivyo ilivyo. Lakini sasa alikuwa mtu wa kiburi, tena mwongo anayekana picha yake. Hawakumng'olea. Wakasema wangoje waone.

Mvua zikaja, pamba ikapandwa, na mwezi wa tatu funza wakaingia. Sijui kama walitoka kwa Mayige. Mwaka ule madawa yalikuwa hafifu na mbegu zilikuwa mchanganyiko, funza walikula mpaka upande wa Maswa. Lakini kijiji hakikuwa na picha ya mbegu, kilikuwa na picha ya Mayige. Minza akienda kisimani anasikia nyuma yake: "Mwenye wageni huyo anapita. Mama, wageni wako wamefikia kwangu, hata hodi hawajapiga."

Mwezi wa tano wakamtenga. Mtu akitengwa kwetu hapigwi. Hasalimiwi tu, na salamu yake haijibiwi. Haombi moto wala chumvi, mashine haimsagii, kisima cha mchangani mtoni hachoti, na akipata msiba hakuna anayekwenda. Minza akawa anafuata maji mwendo wa saa mbili kwenda, saa mbili kurudi.

Mimi nilimwandikia Constantine kwamba mambo yameharibika. Badala ya kunyamaza akaandika mwenyewe, na kichwa cha habari kilikuwa "Kijiji Gereza". Alimtaja Bundala kwa jina. Ile nayo ikabandikwa ukutani.

Nilikwenda kwao mara moja tu miezi ile. Mayu Kwandu aliniletea michembe. Alikuwa amekonda, anapumua kwa kuhesabu.

"Mwanangu Kasmiri," akasema, "misiba ya watu wa hapa yote nimeililia. Hakuna mfu wa kijiji hiki ambaye sikumkalia. Sasa niambie, mimi atanichimbia nani?"

Nikasema mambo yatakaa sawa, Mayu. Nikala michembe yake.

Wiki moja kabla ya ile Alhamisi, Mayige alitembea kuja Bariadi. Aliondoka kwake kabla jua halijatoka akafika saa tisa mchana. Alinikuta kwenye mgahawa, watu wananiita mwandishi. Akakaa, akasubiri wanywe chai waondoke.

"Bundala amekubali," akasema. "Amesema kinywa kilicholeta maneno ndicho kiyarudishe. Uje Alhamisi mbele ya watu, useme, maneno ni ya kwangu, siyo ya Mayige. Basi. Mimi nitatoa ng'ombe wa mchenya, faini yangu, aliwe, na nitarudi kwa watu."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Mama hamalizi mwezi huu, nkoi. Ninachoogopa ni kaburi. Nyonga hii haichimbi."

Hakunilaumu hata neno moja. Labda angenilaumu ningekuwa na kitu cha kujitetea nacho.

"Nitakuja," nikasema. "Nitapanda lori, nitashuka pale uwanjani."

Jumanne Constantine akapiga simu. "Mzee, Alhamisi jioni tuna wageni wakubwa Mwanza. Wametoka nje. Wanataka kumsikia mtu aliyemwona Mayige kwa macho. Utapanda jukwaani."

"Alhamisi nina mkutano."

"Wa nini?"

"Wa kuyarudisha yale maneno. Hakuyasema, Constantine. Niliyatunga."

Akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniweza: "Ukiyarudisha, gazeti limekufa, na kila tulichoandika cha kweli kimekufa nalo. Njoo kwanza. Wakiondoka wageni nitakuletea gari mwenyewe, twende wote kijijini. Siku tano, Mzee. Kijiji kitakimbilia wapi?"

Siku tano. Nilijiambia hivyo stendi, nikajiambia hivyo juu ya marobota. Lakini nikisema kweli, sikwenda kwa sababu ya gazeti. Nilitaka kusimama jukwaani mbele ya watu waliosoma, mimi wa darasa la tatu, waseme mwandishi apite mbele.

Nilipita mbele. Nilisimulia habari za Mayige, nikayasema yale maneno kwa sauti kubwa kuliko nilivyoyaandika. Ukumbi ulisimama ukapiga makofi. Mama mmoja mgeni alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza kupitia mkalimani kama Mayige anaendelea vizuri. Nikasema anaendelea vizuri.

Constantine hakuleta gari. Jumanne nilipanda lori la kurudi, nikagonga kebini, nikashuka.

Minza alikuwa anatwanga. Hakuacha kutwanga. Kando ya zizi palikuwa na kaburi, fupi, udongo umelundikwa ovyo, kama limefukiwa na mtu aliyekuwa ameketi. Na ndivyo lilivyochimbwa. Mayu Kwandu alikufa Ijumaa, siku moja baada ya mkutano. Mayige na Minza walichimba siku mbili, yeye amekaa chini anachimbua kwa kijembe kifupi, mkewe anazoa kwa karai. Watu walipita barabarani na majembe yao begani, wakatazama mbele.

"Alhamisi jioni alikuulizia," Minza akasema. "Alikuwa amekuwekea michembe. Ipo ndani."

Sikuingia kuichukua. Nikaenda moja kwa moja kwa Bundala. Nikamwambia yote: kamera, nyumba ya wageni, Mwanza. Alinisikiliza akichonga mpini.

"Mimi nilikuona," akasema. "Juu ya lori. Niliiona kofia yako. Nikawaambia watu, yule siye, maana niliona aibu kwa niaba yako." Akaendelea kuchonga. "Nimemlilia yule mama? Sikumlilia. Alinipokea siku niliyozaliwa, mikono yake ndiyo ya kwanza kunishika. Na mimi nikapita barabarani. Hiyo niifanyeje sasa, mwandishi?"

Jioni ileile aliwaita watu. Nikasimama katikati nikasema maneno ni yangu, siyo ya Mayige. Hakuna aliyenipiga. Wazee wakasema basi, Mayige aitwe, na ng'ombe wa mchenya asitoe, kijiji kilishajitoza chenyewe kwa lile kaburi. Wanaume kumi na mbili wakaenda kwake pamoja nami, wamebeba majembe ili walichimbe upya lile kaburi, liwe kaburi la mtu.

Mayige alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango. Bundala akamsalimia. Hakuitika.

"Ngosha, imekwisha," Bundala akasema. "Huyu amekiri. Hukuyasema."

"Wakati ule sikuyasema," Mayige akajibu. Alikuwa ananitazama mimi. Viganja vyake vilikuwa vimechunika. "Sasa nayasema. Shamba ni langu. Kaburi ni langu, nimelichimba mwenyewe. Msiliguse."

"Mayige," nikasema.

"Na wewe usiyarudishe maneno ya watu. Ulinipa, nimeyapokea."

Wale wanaume walisimama na majembe yao muda mrefu, kisha wakaondoka mmojammoja.

Mwezi wa tisa mwaka ule Mayige hakung'oa pamba. Alimuuzia mtu shamba likiwa limesimama hivyohivyo, akahamia upande wa Kahama ambako hakuwa na ndugu. Alikufa huko mwaka 2011. Nilipata habari miezi saba baadaye, kwa dereva. Sijui alizikwa na nani.

Minza hakumfuata Kahama, alirudi kwa kaka zake Mwamanyili. Analima mpunga. Tukikutana gulioni ananisalimia, nami namwitikia, hatuzidishi.

Bundala alifariki mwaka 2015. Walikuja watu wengi mpaka wakakosa pa kukaa. Kabla ya kufa aliagiza kaburi la Mayu Kwandu liwekewe mawe pembeni, wakaliwekea.

Mizani Huria ilifika mpaka mwaka 2009. Kampuni ya pamba iliacha kuweka tangazo, wageni wa nje wakapata wengine, kompyuta zikauzwa. Habari ya Mayige haikuwahi kukanushwa. Constantine yuko Dodoma, ni mtumishi wa serikali, tena wa kitengo kinachotunga kanuni. Nilimpigia mara mbili. Mara ya pili alisema yuko kikaoni.

Ile fulana niliiona mwaka jana kwenye mitumba, Maswa, imepauka. Sikuinunua.

Shamba la Mayige linalimwa na mtu wa Sola, na miti inang'olewa kila mwaka kwa wakati. Funza wanakuja mwaka mmoja, mwaka mwingine hawaji. Bariadi siku hizi ni makao makuu ya mkoa. Mimi nimepanga chumba nyuma ya stendi, ni mwaka wa nne sasa, sijawahi kukaa mahali muda mrefu hivi. Nawaandikia watu barua za mahakamani na za kuomba kazi. Kabla mtu hajaweka dole gumba namsomea alichosema, neno kwa neno, mara mbili, na akisema hapana nafuta.